Sonatubes: Shitaka, Utetezi na Amri ya Mkuu

Katika mji wa Kigali, pale barabara itokayo katikati ya mji inapokutana na ile iendayo uwanja wa ndege na ile iendayo Kicukiro, ipo njia panda iitwayo Sonatubes. Jina hilo limetokana na kiwanda cha mabomba. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku wakienda kazini na kurudi makwao. Lakini katika kumbukumbu za mahakama, njia panda hiyo imeandikwa kwa sababu nyingine kabisa, nayo inawahusu kwa karibu watu wote wavaao sare ya dola, wawe wa jeshi au wa polisi.

Mchana wa tarehe 11 Aprili 1994, siku chache tu baada ya kuanza kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, ambako zaidi ya watu 2,000 walikuwa wamekimbilia. Wakimbizi hao wakashika njia kuelekea uwanja wa michezo wa Amahoro, wakitumaini kupata hifadhi kwa askari wengine wa Umoja wa Mataifa. Walipofika Sonatubes walizuiwa na wanajeshi, wakageuzwa, wakaswagwa kwa miguu hadi kilima cha Nyanza. Huko waliuawa kwa mabomu ya mkono, kwa risasi na kwa silaha za jadi. Waliopona walikuwa wachache.

Mambo hayo yalifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama mwezi Novemba 1994 na kufanya kazi yake mjini Arusha, Tanzania, hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Katika kesi moja walishtakiwa maofisa wanne wa jeshi la zamani la Rwanda: Kanali Théoneste Bagosora, Brigedia Jenerali Gratien Kabiligi, Luteni Kanali Anatole Nsengiyumva na Meja Aloys Ntabakuze, aliyekuwa kamanda wa kikosi cha makomando wa miavuli. Kesi ilianza Aprili 2002. Mahakama ilikaa siku 408, ikasikiliza mashahidi 242. Kati ya mashahidi hao, 82 waliitwa na mwendesha mashtaka, na 160 waliitwa na upande wa utetezi.

Mtu aliyepoteza jamaa zake Nyanza ana haki ya kuuliza: watuhumiwa wa mambo mazito kama hayo wapewe mawakili na mashahidi 160 wa nini? Swali hilo lina uchungu ndani yake na halifai kudharauliwa. Jibu lake limo katika maana yenyewe ya shitaka. Shitaka ni madai ya dola dhidi ya mtu, wala si hukumu. Anayeshukiwa ni mtuhumiwa. Akisomewa hati ya mashtaka huwa mshtakiwa. Mkosaji haitwi mkosaji mpaka mahakama imemtia hatiani. Mzigo wa kuthibitisha huwa mabegani mwa anayeshtaki. Mshtakiwa anaweza kunyamaza tangu mwanzo hadi mwisho, na kunyamaza kwake peke yake hakumtii hatiani. Kanuni hiyo haikuletwa Arusha kwa ajili ya wakubwa. Imo katika ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania na katika ibara ya 29 ya Katiba ya Rwanda, na inamlinda mkulima aliyeshukiwa kuiba mbuzi sawasawa na inavyomlinda kanali.

Hapa ndipo kazi ya askari wa polisi inapoingia. Mwananchi wa kawaida hakutani kwanza na jaji. Hukutana na askari mlangoni pake. Asipoambiwa kwa lugha anayoielewa kwamba anakamatwa kwa kosa gani, hawezi kujua amwite shahidi yupi, wala aeleze alikuwa wapi siku hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 49, inataka aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, ajulishwe haki ya kunyamaza na kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa mahakama ikiwa imefungwa. Wapo askari wanaoliona jambo hilo kuwa ni usumbufu. Kwa kweli askari aliyeandika kosa kwa usahihi, pamoja na siku, mahali na jina la aliyetendewa, amemsaidia mwendesha mashtaka kuliko yule aliyempiga mtu mpaka akakiri.

Hukumu ya Arusha ilipotolewa tarehe 18 Desemba 2008, thamani ya utetezi ilionekana. Jenerali Kabiligi alikuwa amejitetea kwamba katika siku za mwanzo za mauaji hakuwako Rwanda kabisa. Mshtakiwa anayesema alikuwa mahali pengine hatakiwi kuthibitisha neno lake pasipo shaka. Ni mwendesha mashtaka atakiwaye kuondoa uwezekano wa maana kwamba neno hilo ni kweli. Mwendesha mashtaka hakuweza, na Kabiligi akaachiliwa. Hata wale watatu waliotiwa hatiani hawakupatikana na hatia ya kula njama ya mauaji ya kimbari kabla ya tarehe 6 Aprili, kwa kuwa ushahidi haukutosha.

Kwa Meja Ntabakuze mambo yalikuwa tofauti. Hakutiwa hatiani kwa sababu yeye mwenyewe alishika bunduki kilimani Nyanza. Alitiwa hatiani akiwa mkuu wa wale waliotenda. Kwa shitaka la namna hiyo mambo matatu hutakiwa kuthibitishwa: kwamba waliotenda kosa walikuwa chini ya mamlaka yake, kwamba alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, na kwamba hakuchukua hatua zilizofaa za kuwazuia, au kuwaadhibu baadaye. Likikosekana moja, shitaka huanguka. Yakitimia yote, kamanda hawezi kujificha nyuma ya meza yake.

Wala askari wa chini hawezi kujificha nyuma ya kamanda. Sheria ya mahakama hiyo ilisema wazi kuwa amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia. Huweza tu kumpunguzia adhabu. Askari aliyesimama Sonatubes na kuwageuza wanawake na watoto kuelekea Nyanza alikuwa na jukumu lake mwenyewe, hata kama hakuna aliyewahi kuliandika jina lake katika hati yoyote.

Ntabakuze alihukumiwa kifungo cha maisha, akakata rufani. Tarehe 8 Mei 2012 majaji wa rufani walimfutia baadhi ya hatia, zikiwamo zile zilizohusu vitendo vya wanamgambo, wakapunguza adhabu kuwa miaka 35. Hatia ya yale yaliyotendwa Nyanza na askari wa kikosi chake mwenyewe ilibaki palepale.