Hadubini na Ukoo wa Leitz

Mazimbu, pembezoni mwa mji wa Morogoro, palikuwa shamba la mkonge lililoachwa kabla ya Serikali ya Tanzania kuwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini mwaka 1977. Wakajenga shule, na mwaka 1984 ikafunguliwa hospitali. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, inayofundisha walimu wa sayansi. Katika maabara za shule na hospitali hadubini ni chombo cha kila siku, lakini ni wachache wanaojiuliza ilianzia kwa nani.

Sehemu ya jibu iko Wetzlar, mji mdogo wa Ujerumani, ambako Carl Kellner alianzisha karakana ya lenzi mwaka 1849. Fundi Ernst Leitz alijiunga nayo mwaka 1864, na mwaka 1869 akaimiliki. Kila hadubini ilitoka na namba yake. Mwaka 1907 ile ya 100,000 alipewa Robert Koch, daktari aliyegundua bakteria wa kifua kikuu. Miaka miwili kabla ya hapo, Koch alikuwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania akichunguza homa ya papasi, na kwa hadubini aliwaona bakteria wa homa hiyo hata ndani ya mayai ya papasi.

Mwaka 1920 mwana, Ernst Leitz wa Pili, alirithi kampuni. Wanazi walipotawala, aliwasaidia wafanyakazi Wayahudi kuhamia ng'ambo. Binti yake, Elsie, alikamatwa na polisi wa siri mwaka 1943 kwa kujaribu kumtorosha mwanamke Myahudi. Hata hivyo, wakati wa vita kiwanda hicho hicho kilitumia watu walioletwa kufanya kazi kwa nguvu. Historia ya ukoo huu ina pande zote mbili. Katika miaka ya 1970 na 1980 umiliki ulitoka mikononi mwao.

Lakini umakini wa mtengenezaji huishia pale chombo kinapokabidhiwa. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu upesi. Hadubini ndiyo inayohesabu vimelea na kuonyesha kama dawa inafanya kazi. Lenzi yenye ukungu huweza kuvificha vimelea hivyo, na mgonjwa akarudi nyumbani bila tiba. Chini ya Milima ya Uluguru, ambako unyevu ni mwingi, kuvu huota upesi kwenye vioo.

Kwa hiyo mhudumu wa maabara, ukimaliza kazi, futa mafuta kwenye lenzi kwa karatasi laini maalumu, funika hadubini dhidi ya vumbi, kisha uihifadhi mahali pakavu. Nawe mgonjwa, usiombe dawa ya malaria kabla ya kupimwa. Toa sampuli kama ulivyoelekezwa, subiri majibu, na uliza yana maana gani.