Tezi Dume na Maradhi Yake Mawili

Mwanamume aliyevuka miaka 50, akawa huamka usiku mara tatu au nne kwenda haja ndogo, na kila akisimama hungoja kitambo kabla mkojo haujaanza, nao ukianza hutoka mwembamba na kukatika, aghalabu huwa na hofu asiyomwambia mtu, nayo ni saratani. Yastahili aambiwe kwamba walio wengi katika wenye dalili hizo hawana saratani, bali tezi dume yao imekua kwa umri tu; ukuaji huo huonekana kwa takriban nusu ya wanaume wenye miaka baina ya 51 na 60, na kwa waliopita 80 hufikia hata tisa katika kumi.

Tezi hiyo, ambayo kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi, imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo mithili ya pete na kidole. Ukuaji wa kawaida huanzia ndani, kandokando ya mrija, kwa hiyo huubana mapema. Saratani aghalabu huanzia pembezoni, upande wa nyuma unaoelekea puru, hata ikaweza kuendelea miaka bila kuusumbua mkojo. Basi anayekojoa vyema asidhani amesalimika kwa hilo pekee.

Ndiyo sababu tabibu hutaka kupima kwa kidole, kipimo ambacho wazee wetu wengi hukikimbia kwa haya. Mgonjwa hulala kwa ubavu amekunja magoti, naye daktari, amevaa glavu iliyopakwa kilainishi, huupapasa ule upande wa nyuma kwa muda usiotimia dakika moja: tezi iliyokua tu huwa nyororo, na yenye saratani huweza kuwa ngumu au kuwa na kinundu. Sioni staha ivunjikayo hapo. Kipimo cha damu kiitwacho PSA husaidia pia, lakini hupanda hata kwa ukuaji wa kawaida na kwa maambukizi, kwa hiyo hukumu hutolewa na vinyama vitolewavyo kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini.

Kwa tezi iliyokua tu, tamsulosini hulegeza misuli na mkojo ukapita. Finasteridi huipunguza tezi yenyewe, ila hutaka subira ya miezi sita hivi, na kwa kuwa hushusha PSA kwa nusu, anayeitumia hana budi kumwarifu kila daktari ampimaye. Dawa zikishindwa, tezi hukwanguliwa kwa kifaa kipitishwacho katika mrija, pasipo kupasua tumbo. Mkojo ukiziba kabisa, mtu asingoje kuche: awahi hospitali atiwe mpira.

Saratani isiyotoka nje ya tezi haidai haraka hiyo. Katika utafiti wa Uingereza wa wanaume 1,643, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba baada ya miaka 15 hivi waliofuatiliwa kwa vipimo, waliopasuliwa na waliopigwa mionzi walikufa kwa saratani hiyo kwa kiasi kilichokaribiana, kama 3 katika 100, ilhali upasuaji uliwaachia wengi udhaifu wa kuzuia mkojo na wa nguvu za kiume. Iliyokwisha kuenea mifupani hutibiwa kwa kuinyima homoni ya kiume, njia iliyofunguliwa na Charles Huggins huko Chicago mwaka 1941. Hurefusha maisha, lakini haiing'oi. Kwetu wengi mno hufika wakati huo, mgongo ukiwa umekwisha kuuma, nami hilo hunihuzunisha kuliko yote. Watu weusi hupatwa zaidi na saratani hii, na mwenye baba au ndugu aliyeugua huwa na hatari maradufu. Huyo na amwulize daktari wake habari za kipimo atimizapo miaka 45, mkojo wake uwe mzima au la.