Kipindi Tulichowanyima Mabinti Zetu



Hebu tuifuate siku ya mtoto wetu wa Pwani. Huamka kwa adhana ya Alfajiri, akanywa chai, na kabla jua halijapanda yuko shuleni. Alasiri hurudi, akala upesi, akachukua juzuu yake kwenda chuoni. Baada ya Magharibi huikuta kazi ya shule ikimngoja. Jumamosi na Jumapili asubuhi ni chuoni tena. Je, mtoto huyu hukimbia saa ngapi? Kwa wengi, fursa hiyo ni moja tu: kile kipindi cha mazoezi ya viungo kilichoandikwa katika ratiba ya shule. Nacho ndicho kipindi cha kwanza kuliwa pale hesabu zinapochelewa, na ndicho cha kwanza sisi wazazi kuwaombea mabinti udhuru.

Tunayasema haya kwa kuwa sisi wenyewe tumo. Miaka iliyopita tuliiandikia shule ya binti yetu barua, tukiomba asishiriki mazoezi, kwa sababu vazi lililotakiwa halikuwa la stara. Ombi letu lilikubaliwa. Kwa miaka minne binti huyo alikaa chini ya mwarobaini akiwalindia wenziwe viatu. Alipokuwa mtu mzima alituuliza kwa adabu: “Baba, kilichokuwa na kasoro ni nguo, au ni kukimbia?” Siku ile hatukuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu letu lililochelewa.

Kukimbia hakukuwa na kasoro. Bibi Aisha (RA) amesimulia, katika riwaya iliyomo kwenye Sunan ya Abu Dawud, kwamba alishindana mbio na Mtume (SAW) safarini, naye akashinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, walishindana tena akashindwa, na Mtume akamtania kuwa ushindi huo ni malipo ya ule wa kwanza. Naye Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din aliwausia walezi wamwachie mtoto acheze mchezo mwema anapotoka chuoni, kwani kumzuia na kumlemea masomo daima huufisha moyo wake na kuudumaza wepesi wa akili yake. Akataka pia mtoto atembee na kuufanyisha mwili mazoezi sehemu ya mchana, ili uvivu usimtawale. Sisi walimu wa vyuo tumekisoma kitabu hicho mara nyingi, lakini kurasa hizo tumezipita haraka.

Al-Ghazali alikuwa akinena juu ya malezi. Kuyafanya mazoezi kuwa somo kamili, lenye mwalimu wake na saa yake, kulikuja karne nyingi baadaye. Mwaka 1793 mwalimu wa Kijerumani, Johann GutsMuths, alitoa kitabu juu ya mazoezi ya vijana, kilichotokana na kazi yake katika shule ya Schnepfenthal. Mwaka 1813 Per Henrik Ling alianzisha mjini Stockholm, Uswidi, taasisi ya kuwafunza walimu wa somo hilo. Mataifa mengi yalianza na wavulana, kwa kuwa yaliwahitaji kuwa askari. Wasichana waliachwa pembeni, na wapo waliodai kuwa mwili wa mwanamke hauwezi kustahimili mazoezi.

Aliyesaidia kuuvunja ukuta huo huko Uingereza alikuwa mwanamke kutoka Uswidi, Martina Bergman-Österberg. Mwaka 1881 alipewa jukumu la kusimamia mazoezi ya wasichana katika shule za umma za London, na mwaka 1885 akafungua chuo chake cha kuwafunza walimu wanawake. Jambo la kuzingatia ni hili: hata wao walikwamishwa na nguo. Wanawake wa enzi hiyo walivaa sketi nzito ndefu na mikanda ya kukaza kiuno hadi pumzi ikawa tabu. Hawakuyaacha mazoezi kwa sababu ya nguo. Walishona vazi jingine, pana na jepesi, na Mary Tait, mmoja wa wanafunzi wa chuo hicho, anatajwa kuwa ndiye aliyelibuni.

Katika zama zetu, mabinti wa Kiislamu nao wamekutana na kizuizi hicho hicho. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu kwa Olimpiki kwa sababu ya vazi la kichwani. Hoja zikatolewa, vazi lisilo na hatari likatengenezwa, na mwaka 2014 hijabu ikaruhusiwa rasmi katika kandanda. Mpira wa kikapu ulifuata mwaka 2017. Mwaka huo huo Saudi Arabia ilitangaza kuwa mazoezi ya viungo yatafundishwa katika shule za umma za wasichana.

Hapa kwetu Kenya, amri ya rais ya mwaka 1980 ililifanya somo hili kuwa la lazima shuleni. Lakini halikutahiniwa katika mtihani wa KCPE, na lisilotahiniwa hupuuzwa. Ratiba ilionyesha mazoezi, darasani wakafanya marudio. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika mtaala mpya wa umilisi, michezo imeunganishwa na sanaa. Hivyo wazazi hatuna tena kisingizio cha mtihani.

Bibi zetu hawakulihitaji somo hili. Walitwanga, waliteka maji kisimani, walibeba kuni, na jioni watoto wao walicheza kibe na kuruka kamba uani. Leo maji yako mferejini, unga uko dukani, na tuktuk iko mlangoni. Neema hizi tunazishukuru, lakini mwili umebaki na haja yake ile ile. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na siku tatu kwa wiki afanye yale yanayoimarisha misuli na mifupa. Mifupa hujijenga zaidi utotoni na ujanani, na akiba hiyo ndiyo mwanamke anayoitegemea baada ya hedhi kukatika. Moyo huimarika, usingizi huwa mzuri, na hatari ya kisukari cha ukubwani hupungua. Ni nyumba ngapi za mitaa yetu zisizo na mama anayemeza dawa za sukari au presha?

Basi tufanye nini? Kwanza, katika mkutano wa wazazi tuulize kama kipindi hiki kinafundishwa kweli. Pili, badala ya barua ya udhuru, tupeleke pendekezo la vazi: suruali pana, kanzu nyepesi ipitayo magoti, mtandio uliobanwa vizuri, na raba miguuni. Tuombe pia wasichana wafanye mazoezi peke yao, wakisimamiwa na mwalimu wa kike. Tatu, sisi wa vyuoni tujihesabu. Katika chuo chetu sasa wanafunzi huachiwa nusu saa kabla ya darasa la jioni, wasichana wakiwa katika ua uliozungushiwa makuti pamoja na ustadhati wao. Tuliogopa kwamba hifdhi ingedhoofika. Tulichokiona ni watoto wachache wanaosinzia juu ya misahafu.

Binti yetu sasa ni mama, na mwanawe wa kike yuko gredi ya tatu. Muhula huu amemshonea mtoto huyo suruali pana na mtandio mfupi wa mazoezi, kisha akamwonyesha babu yake. Tulimjibu swali lake la zamani: kilichokuwa na kasoro kilikuwa nguo, mwanangu, nayo dawa yake ilikuwa cherehani.

Mwenyezi Mungu atulindie vizazi vyetu, dini zao na miili yao. Aamin.