Bei ipi, ya mnada upi?

Mkulima wa Nachingwea anaandika kwenye simu: "Korosho leo bei gani?" Jirani yake angemjibu papo hapo, kwa sababu anajua mnada ulifanyika lini na mwenzake amepeleka korosho za daraja gani. Wakala wa akili mnemba hajui lolote kati ya hayo, ila lile aliloandikiwa.

Wakala huyu ni modeli ya lugha iliyopewa zana, yaani vipande vya programu inavyoweza kuviita ili isome kumbukumbu, ipige hesabu au itume ujumbe. Utaratibu huu ulishika kasi tangu Juni 2023, OpenAI ilipowapa watengenezaji programu njia rasmi ya kuunganisha modeli zake na zana. Novemba 2024 Anthropic nayo ikatoa itifaki ya wazi ya kazi hiyohiyo, iitwayo MCP. Wasichokijua wengi ni kwamba modeli haioni kilichomo ndani ya zana. Inaona jina, maelezo ya mistari michache na nafasi inazotakiwa kujaza. Kwa hayo tu inaamua iite zana ipi na ijaze nini.

Tuseme kuna zana iitwayo "pata_bei", na maelezo yake ni haya: "Hurudisha bei ya zao." Aliyeiandika anaielewa. Lakini korosho za Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia chama kikuu cha ushirika cha Runali, na mnada mmoja hutoa bei ya juu na bei ya chini, tena kwa madaraja tofauti. Bei hiyo nayo siyo inayoingia kwenye akaunti ya mkulima, maana kuna makato ya halmashauri, ya chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), ya chama kikuu. Ufuta na mbaazi nazo hupita kwenye mfumo huohuo. Wakala mwenye maneno yale manne ataokota bei mojawapo na kuitamka bila kupepesa macho. Karani mgeni angalau angeuliza.

Mimi ningeandika hivi: "Hurudisha bei ya juu na ya chini ya mnada mmoja, kwa shilingi kwa kilo, kabla ya makato. Zao liwe korosho, ufuta au mbaazi. Kwa mkulima wa Nachingwea, Ruangwa au Liwale, jaza Runali kwenye nafasi ya chama. Kwa korosho lazima daraja litajwe. Kama hulijui, muulize mkulima kwanza. Tarehe isipojazwa, hurudisha mnada wa mwisho. Taja tarehe yake kwenye jibu. Usiitumie kukadiria fedha atakazopokea mkulima; kwa hilo tumia zana ya hesabu_malipo."

Ni marefu, na kila neno modeli italisoma kila mara, kwa hiyo porojo hazina nafasi hapo. Ila sentensi ya mwisho, ile inayokataza, ndiyo watu huiruka zaidi, na ndiyo inayotenganisha zana mbili zinazofanana.

Kwa nini kutaja kilo, wakati kila mtu anajua? Kwa sababu kuna kangomba, chombo wanachopimia walanguzi wanaonunua korosho nje ya mfumo. Mtu anaweza kuuliza kangomba tatu ni shilingi ngapi. Maelezo ya hesabu_malipo nayo yakisema inapokea kilo pekee, wakala atarudi kumuuliza uzito. Yasiposema, atajaza 3 na kuendelea.

Jibu tupu nalo lina mtego wake. Minada ya msimu wa 2018/2019 ilikwama baada ya wakulima kukataa bei, na Novemba 2018 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ukiulizia bei ya mnada ya wakati huo na zana ikarudisha 0, usishangae wakala akisema korosho zilikuwa bure. Irudishe maneno: "Hakuna mnada uliorekodiwa kwa tarehe hizi, haimaanishi korosho hazikununuliwa."

Zana inayogusa fedha, kama ya kubadili akaunti ya malipo, iandikwe wazi kwamba haiitwi kabla mwenye akaunti hajathibitisha. Hata hivyo maelezo si kufuli. Modeli inaweza kuyapuuza au kurubuniwa, kwa hiyo uthibitisho huo uwekwe pia ndani ya programu yenyewe.

Kupima hakuhitaji makuu. Kusanya maswali jinsi watu wanavyoyaandika, na ufupisho wao na makosa ya tahajia, umpe wakala. Usitazame jibu peke yake, maana laweza kuwa sahihi kwa bahati; tazama ameita zana ipi na amejaza nini. Ukiona anaita pata_bei pale alipotakiwa kuita hesabu_malipo, anza na jina. Bei_ya_mnada linaeleweka zaidi, na kulibadili ni kazi ya dakika chache.