Copia iliangushwa na nauli

Juzi nilipita Kivaa, kule Masinga, Machakos, nikaikumbuka Copia. Ilianza 2013 kwa hesabu nzuri: mwanakijiji hana anwani wala kadi ya benki, basi aagize kwa wakala mwenye duka, alipe taslimu au M-Pesa, mzigo ushushwe hapo hapo. Jumia wao waligombania zaidi wateja wa mjini. Lakini faida ya unga na sabuni ni shilingi chache, na lori hunywa mafuta hata likienda nusu tupu. (Mama zetu wanaouza madera kwa WhatsApp Mombasa wanajua boda boda inavyomeza faida.) Pengo likazibwa na pesa za wawekezaji. Uganda walifunga 2023. Mei 2024, pesa mpya zilipokosekana, kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi.