Nyeri si Likoni: maji ya jioni yaliniulia nyanya

Kabichi na karoti unazonunua Kongowea huenda zimetoka Karatina au Nyeri. Kwa hivyo nilipohamia Nyeri kikazi nilijua mboga nitakula za bure. Nikapanda nyanya, sukuma wiki na dania nyuma ya nyumba, nikawa nazimwagilia kila siku baada ya Maghrib, kama tulivyozoea kwetu Likoni.

Ilipofika mwezi wa saba, majani ya nyanya yakatoka mabaka meusi, na asubuhi chini yake pana utando mweupe. Wiki mbili tu, sikupata hata kachumbari ya sahani moja.

Mama jirani alicheka, kisha akanieleza. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane kuna baridi, manyunyu na ukungu. Jani likilowa jioni halikauki mpaka jua la kesho, na ugonjwa wa blaiti hupenda hasa ubaridi na unyevu. Ndio huo huo ulioteketeza viazi vya Ireland mwaka 1845, watu wakafa njaa.

Basi tufanyeje? Kwanza, mwagilia asubuhi, ili jua likaushe majani mapema. Pili, maji yaende shinani, si juu ya majani. Tatu, kabla ya kumwaga chochote, chomeka kidole udongoni. Ukikuta unyevu, rudisha ndoo ndani. Udongo mwekundu wa huku hushika maji, na ukizidisha, mizizi hukosa hewa ikaoza.

Kipimo je? Bustani ya mboga huhitaji kama lita 25 kwa kila mita mraba kwa wiki. Mvua ya milimita moja ni sawa na lita moja kwa mita mraba. Weka kopo lenye kingo zilizonyooka uwanjani, upime kwa rula. Ikinyesha milimita 15, umebakisha lita 10 tu. Uzigawe mara mbili kwa wiki, zizame chini. Ukinyunyiza kidogo kidogo kila siku, mizizi hubaki juu juu. Kisha tandaza majani makavu, jua lisiyanyonye maji. Kule Kieni, ambako mvua ni haba, matandazo hayo ndiyo uhai wa bustani.

Nanyi mlioko Pwani msinicheke. Mchanga wetu haushiki maji, kwa hivyo mmea hutaka maji machache mara nyingi zaidi. Na kama kisima chako kina chumvi, usiyamwagie majani, yataungua.

Maji ni neema, lakini yakizidi au yakija wakati usiofaa hugeuka israfu, na mboga ndizo zinazolipa. Mimi msimu huu namwagilia saa moja asubuhi. Nyanya zimeanza kuiva, alhamdulillah.