Je, Wajua? Formiga, Kiungo wa Makombe ya Dunia Saba

Je, wajua kwamba mchezaji wa kwanza kucheza Kombe la Dunia mara 7 ni mwanamke? Anaitwa Miraildes Maciel Mota, kiungo mkabaji wa Brazili, na uwanjani anajulikana kwa jina la Formiga, yaani sisimizi. Alianza Uswidi mwaka 1995 akiwa na miaka 17, akamalizia Ufaransa mwaka 2019 akiwa na 41. Kwa wanaume, hadi fainali za Qatar za 2022 zinamalizika, hakuna aliyekuwa amevuka mara 5, si Messi wala Ronaldo. Kombe la Dunia la Wanawake lilianza mwaka 1991 nchini China. Hilo la kwanza ndilo pekee lililompita hadi siku anaaga timu ya taifa.

Je, wajua kwamba Formiga alizaliwa wakati sheria ya nchi yake inawakataza wanawake kucheza mpira? Mwaka 1941 serikali ya Getúlio Vargas ilitoa amri ya kuwazuia wanawake kushiriki michezo iliyodaiwa kutolingana na maumbile yao. Mwaka 1965 baraza la michezo likautaja mpira wa miguu waziwazi. Marufuku hiyo ilifutwa mwaka 1979. Formiga alizaliwa Salvador, Bahia, tarehe 3 Machi 1978. Basi Brazili, nchi inayojiita nyumbani kwa kandanda, iliwafungia mabinti zake nje ya uwanja kwa karibu miaka 40. Hasara yake haipimiki. Nani ajuaye ni akina Formiga wangapi walizeeka bila kugusa mpira mbele ya watu? Hata marufuku ilipoondolewa, dharau haikuondoka nayo. Kizazi chake kilivaa jezi zilizoachwa na wanaume, zikiwapwaya mabegani, na nyumbani kwake mwenyewe kaka zake hawakupenda kumwona akicheza.

Olimpiki nayo ina habari yake. Soka la wanawake liliingizwa humo kwa mara ya kwanza Atlanta, mwaka 1996. Formiga alikuwepo. Akawepo tena Sydney, Athens, Beijing, London, Rio na Tokyo: mashindano 7 mfululizo, bila kukosa hata moja. Athens 2004 na Beijing 2008 alirudi na medali ya fedha, na mara zote mbili Marekani ndiyo iliyoinyang'anya Brazili dhahabu katika muda wa nyongeza. Kati ya fainali hizo mbili kuna ya Kombe la Dunia la 2007, walipofungwa 2-0 na Ujerumani.

Tarehe 9 Juni 2015, jijini Montreal, Brazili iliifunga Korea Kusini 2-0, na kila bao likaandika rekodi. La kwanza lilikuwa la Formiga, aliyenasa pasi mbovu ya mabeki. Kwa miaka 37 na siku 98 akawa mfungaji mwenye umri mkubwa kuliko wote katika Kombe la Dunia la Wanawake. La pili, la penalti, lilikuwa la mwenzake Marta, aliyefikisha mabao 15 na kuwa kinara wa ufungaji wa wakati wote wa fainali hizo.

Mwaka 2016 Formiga aliiaga timu ya taifa. Mwaka 2018 kocha Vadão akamwita tena, naye akaitika. Walipokwenda Ufaransa mwaka uliofuata, kikosini mlikuwa na Geyse, mshambuliaji aliyezaliwa mwaka 1998, miaka 3 baada ya Formiga kucheza Kombe lake la kwanza.

Nafasi ya Formiga uwanjani ndiyo inayonifanya nimheshimu zaidi. Kipa anaweza kudumu, hata mshambuliaji anaweza kutegea karibu na lango akisubiri mpira. Kiungo mkabaji hana pa kujificha: anakaba, anapokonya, anaziba nafasi iliyoachwa na beki aliyepanda, kisha anapiga pasi ambayo mwingine atasifiwa kwayo. Kazi hiyo Formiga aliifanya katika mechi 234 za taifa. Cafu, anayeongoza kwa upande wa wanaume wa Brazili, ana 142.

Paris Saint-Germain ilimsajili mwaka 2017 akikaribia miaka 39. Msimu wa 2020/21 klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Ufaransa na kukatisha utawala wa Lyon wa mataji 14 mfululizo, Formiga akiwa kikosini na miaka yake 43.

Mechi yake ya mwisho ya taifa ilichezwa Manaus tarehe 25 Novemba 2021, dhidi ya India. Aliingia akitokea benchi, na Brazili ikashinda 6-1. Na sasa fainali za Kombe la Dunia la Wanawake za 2027 zimepewa Brazili, nchi ile ile iliyowapiga wanawake marufuku, na zitakuwa za kwanza kufanyika Amerika ya Kusini.